Siku mbili za majengo na sanaa Tabora: mwongozo kamili wa kuandaa, tangu wazo hadi hesabu ya mwisho

Mwulize kijana yeyote wa Tabora mwezi huu kuna nini cha sanaa mjini, atakujibu hakuna kitu. Kijana huyohuyo utamkuta jioni amesimama nje ya karakana, anamtazama seremala akichonga maua kwenye ubao wa kitanda cha mninga, na habanduki mpaka ua likamilike. Sanaa ipo. Majengo ya kutazamwa yapo pia, mengine yalikuwepo kabla ya reli kufika. Kinachokosekana ni tarehe, mahali pa kukutania, na watu wachache waliokubali kuhangaika.

Mwongozo huu ni wa tukio la siku mbili: Jumamosi matembezi ya majengo, Jumapili maonyesho ya kazi za mafundi na wasanii wa hapa. Nimewafikiria watu watano wasio na mfadhili, wenye simu zao na nia. Jipeni miezi mitatu. Mkiwa na wiki tatu tu, acheni maonyesho na mfanye matembezi peke yake, maana matembezi hayadai mahema wala jenereta.

Wiki mbili za kwanza: daftari

Kabla ya kuchora bango lolote, jueni nani yuko mjini. Mlango wa kwanza ni ofisi ya afisa utamaduni wa manispaa, kwa sababu yeye ndiye anayevijua vikundi vilivyosajiliwa, ngoma, kwaya, wachoraji na wachongaji. Nendeni asubuhi, wawili tu, msijazane. Baada yake pitieni VETA mkaulize walimu wa useremala na uashi. Nendeni Chuo cha Ualimu, mwalimu wa sanaa huwa hakosekani. Ofisi ya mipango miji ndiyo yenye ramani, na redio za mjini zina watangazaji wanaojua kila kinachotokea hata kabla hakijatokea.

Halafu zungukeni kwa miguu. Isevya, Ng'ambo, Gongoni, Kanyenye, Cheyo: andikeni kila karakana ya mbao, kila fundi wa mageti, kila mchora mabango, kila mama anayesuka mikeka au kuuza vyungu. Mchora mabango msimpite. Wengi humwona kama mtu wa kuandika "Duka la Dawa" ukutani, kumbe ndiye mwenye mkono uliozoea herufi kubwa na rangi za mafuta. Daftari liwe na jina, mahali alipo, anachotengeneza, na saa anayopatikana. Namba za simu zikae kwa mtu mmoja mwaminifu.

Mkikutana na fundi mzee, mwanzo ni salamu. "Shikamoo mzee," naye akishaitika marahaba, kaeni mtazame kazi. Simu isitoke mfukoni mpaka yeye mwenyewe akubali kupigwa picha. Mafundi wengi wamechoshwa na watu wanaopiga picha ya kabati, wakaondoka, kisha wakaonekana na kabati lilelile limetengenezwa kwingine kwa bei ya chini.

Chagueni jambo moja

Tukio la "sanaa zote za Tabora" litakuwa soko la vurugu. Chagueni jambo moja litakalofunga majengo na kazi za mikono pamoja. Mambo matatu yanafaa sana hapa.

Udongo ni la kwanza: tembe (nyumba za udongo za paa bapa), matofali ya kuchoma, vyungu. Reli ni la pili, kwa sababu mji wa leo umekaa jinsi ulivyokaa kwa ajili ya reli. La tatu, ambalo mimi ningelichagua kwa mwaka wa kwanza bila kusita, ni mbao.

Misitu ya miombo inayoizunguka Tabora ndiyo inayotoa mninga, na mninga ndio ulioweka jina la mji huu kwenye vitanda na milango ya nyumba nyingi za nchi hii. Nenda nyuma zaidi, unakuta uchongaji wa Kinyamwezi. Katika makumbusho ya Berlin kuna kiti cha kitemi cha Wanyamwezi chenye mgongo mrefu uliochongwa umbo la mtu, kilichochukuliwa enzi za Wajerumani. Vitabu vya sanaa ya Afrika vinakitaja tena na tena, na Tabora wenye kukifahamu ni wachache. Chapisheni picha yake kubwa, iwekeni katikati ya maonyesho, muwaombe wachongaji watatu wa leo kila mmoja alete kiti chake. Hapo mmeshapata kiini cha Jumapili nzima. Msimwagize mtu anakili kile cha Berlin. Mwambieni alete kiti ambacho yeye angempa mtu anayemheshimu.

Mbao ni milango pia. Milango ya nakshi iliingia na wafanyabiashara wa pwani, na sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inaulinda mlango au fremu ya mbao iliyochongwa nchini kabla ya mwaka 1940 kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba aliyerithi mlango wa babu yake hawezi tu kumwuzia mgeni anayepita na gari. Semeni hilo hadharani siku ya matembezi. Wapo watakaolisikia kwa mara ya kwanza.

Na mizinga ya nyuki! Asali ya Tabora inajulikana kila mahali, lakini mzinga wenyewe hakuna anayeutazama kama kazi ya ubunifu. Kuna mzinga wa gogo lililotobolewa, na kuna wa gome la mti lililobanduliwa zima na kufungwa upya. Wekeni yote miwili karibu na mzinga wa kisasa wa mbao, na mwalikeni mrina asali aeleze kila mmoja unavyofanya kazi. Aeleze pia gharama yake, maana mti uliobanduliwa gome kuuzunguka hufa. Mazungumzo hayo yatakuwa makali kuliko hotuba yoyote.

Tarehe

Mvua za Tabora huanza karibu Novemba na kwenda hadi Aprili. Kwa hiyo fikirieni Mei hadi mwanzoni mwa Oktoba. Mei 18 ni Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, nayo inakupa sababu nzuri ya kuandika barua kwa wahifadhi. Jumatatu ya kwanza ya Oktoba ni Siku ya Usanifu Majengo Duniani, ingawa jua la wakati huo lina ukali wake. Juni shule zimefungwa na hewa ni baridi ya kupendeza, lakini mkitaka wanafunzi wa bweni mtakuwa mmewakosa. Mwanzoni mwa Agosti watu na mahema yote huhamia Ipuli kwa Nane Nane ya Kanda ya Magharibi. Mna njia mbili: kuikwepa, au kuomba kibanda humohumo. Msishindane nayo.

Angalieni pia Ramadhani, sikukuu za kanisa, na msimu wa harusi. Mji huu una Waislamu wengi na Wakristo wengi, hivyo Jumamosi asubuhi na Jumapili kuanzia saa saba mchana ni nyakati zinazowafaa wote.

Njia ya Jumamosi

Hapa ndipo pa kuweka nguvu. Matembezi mazuri hayazidi saa tatu kwa miguu, vituo vitano au sita, watu 25 kwa kiongozi mmoja. Wakizidi 25, wa nyuma hawasikii, wanaanza kupiga soga. Gawanyeni makundi mawili, moja lianze mwisho wa njia. Anzeni saa moja kamili asubuhi, jua likiwa bado na adabu, na kuta za mashariki zikiwa na mwanga wa kupiga picha.

Kituo cha kwanza kiwe stesheni ya reli, kila mtu anaijua na bodaboda zinafika. Wajerumani walifikisha reli ya kati Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza likafunguliwa mwaka 1928 chini ya Waingereza, na Tabora ikawa njia panda ya treni. Msiishie kwenye miaka hiyo. Waambieni watu wanyamaze dakika mbili, watazame pembetatu za mbele ya paa, kisha waulize: maji ya mvua yanakwenda wapi? Abiria akingoja anakaa upande gani wa jua? Mlango upi ulikuwa wa mizigo na upi wa watu? Mtu akishajibu maswali matatu kuhusu jengo moja, majengo yote yanayofuata anayaona mwenyewe.

Mkiwa hapohapo reli, simulieni habari ya sarafu. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewafungia Wajerumani njia ya baharini, karakana ya reli Tabora ilifua sarafu za dhahabu za rupia 15, tembo upande mmoja na milima nyuma yake. Zilitoka 16,198. Mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanazitafuta hizo kwa fedha nyingi, na kwa upande wa ubunifu sidhani kama kuna kitu kilichotengenezwa Tabora kinachojulikana mbali kuliko hicho. Chapisheni picha yake kwenye karatasi ngumu, izunguke mikononi mwa watu.

Boma la Wajerumani lielezeni mkiwa mbali. Liko mikononi mwa jeshi, na kupiga picha ni marufuku. Kiongozi alitangaze hilo kabla hamjalikaribia, simu ziingie mifukoni, na alirudie tena, kwa sababu daima yupo mmoja aliyekuwa akiongea. Hapa pafaa kumkumbuka Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyepigana na Wajerumani hadi Januari 1893 walipoivunja ngome yake, naye akailipua ghala ya baruti akiwa ndani kuliko kukamatwa. Ngome iliyoshinda na ngome iliyolipuliwa: watu wakizilinganisha wanaelewa kwa nini mkoloni alijenga nene namna ile.

Kisha ingieni mitaani, kwenye nyumba za kawaida. Kwangu mimi hiki ndicho kituo muhimu kuliko vyote, na ndicho waandaaji hukiruka wakikimbilia vitu vya Wajerumani. Tafuteni nyumba ya Kiswahili iliyokaa sawa: baraza mbele, korido katikati, vyumba pande zote mbili, ua nyuma wenye jiko na choo. Ombeni ruhusa wiki moja kabla kwa mwenye nyumba na kwa wapangaji wake, wote, sio baba mwenye nyumba peke yake. Watu waingie sita sita. Mwenyeji aeleze mwenyewe nani hukaa barazani saa ngapi, kwa nini mlango wa korido hauangaliani na mlango wa choo, chumba gani kiliongezwa lini. Msimkatize kwa maneno ya kitaalamu. Acheni bahasha ndogo ya shukrani au kilo za sukari, na asionyeshwe mtu amelala.

Miembe iwe kituo cha kupumzikia. Miti hiyo ni sehemu ya ramani ya mji kama barabara zilivyo; ilifuata njia za misafara ya pembe na watumwa, na chini yake wapagazi walipumzika. Toeni maji na karanga. Msibandike kitu kwa misumari kwenye miti.

Mwisho ni Kwihara, kwenye tembe la Livingstone, nje ya mji, na huko nendeni kwa gari. Kodini Hiace au mbili, muda ukubalike na dereva kwa maandishi, na kurudi kuwemo katika bei. Tembe hilo lilijengwa na wafanyabiashara Waarabu. Stanley, mwandishi wa habari, na Livingstone, mmisionari na mpelelezi, walifika hapo Februari 1872 wakitoka Ujiji. Stanley akaondoka Machi, na Livingstone akabaki akingoja wapagazi mpaka Agosti. Njia nzima ya misafara, Kwihara na Ujiji zikiwemo, imo tangu mwaka 2006 katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia.

Lakini msiifanye Kwihara kuwa habari ya wazungu wawili. Tazameni ukuta: unene wake ndio unaofanya ndani kuwe na ubaridi wakati nje panawaka. Tazameni paa: tembe la asili huezekwa bapa, miti imepangwa karibu karibu, juu yake udongo ulioshindiliwa. Paa hilo ni zito, kwa hiyo vyumba huwa vyembamba na virefu. Upana wa chumba unaamuliwa na urefu wa mti uliopatikana. Likiachwa bila kukandikwa upya kila mwaka, mvua hulishinda. Waulizeni watu: nani mjini bado anajua kulikandika? Kama kuna mzee wa Kwihara anayejua, mleteni ashike udongo mbele ya watu. Dakika kumi za mikono yake zinatosha.

Kiongozi wa matembezi apite njia yote mapema, saa ileile, akiwa na saa mkononi, na arudi tena na mtu mzima wa makamo kuona kama mwendo unabebeka. Kila kituo kisizidi dakika 15 za maneno.

Vibali

Hili ni jambo la kuchosha, lakini ni jepesi mkilianza mapema. Barua zinazohitajika ni hizi: ofisi ya mkurugenzi wa manispaa kupitia afisa utamaduni, mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata kwa kila mtaa mnaoupita, stesheni masta, mhifadhi wa kituo cha Kwihara, na mkuu wa shule mkitaka kuingia Tabora School, iliyoanza mwaka 1925 na ambako Nyerere alisoma. Polisi wapewe taarifa ya maandishi ya mkusanyiko, nayo kisheria ifike saa 48 kabla. Nyinyi pelekeni wiki mbili kabla. Kukiwa na ngoma au muziki wa jukwaani, ulizeni kwa afisa utamaduni kibali cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na mkipiga muziki wa watu kwenye spika kuna suala la hakimiliki. Droni isahauni isipokuwa mna vibali vyake, na karibu na eneo la jeshi isahauni kabisa.

Barua iwe fupi. Kitu kama hiki:

"Yah: Ombi la kuandaa matembezi ya majengo na maonyesho ya kazi za mikono. Sisi ni kikundi cha wakazi watano wa Manispaa ya Tabora. Tunaomba kibali cha kufanya matembezi ya kielimu Jumamosi ya tarehe ..., kuanzia saa 1:00 hadi saa 6:00 mchana, kwa washiriki wasiozidi 50, tukipitia maeneo yaliyoorodheshwa katika kiambatisho, na maonyesho Jumapili kuanzia saa 7:00 mchana hadi saa 12:00 jioni. Shughuli haina mwelekeo wa kisiasa wala wa kibiashara kwa waandaaji. Msimamizi ni ..., anapatikana kwa simu ... Tunaambatisha ratiba na ramani ya njia."

Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo. Nakala zenye muhuri zikae kwenye faili moja linalobebwa siku yenyewe. Kiingilio cha eneo la serikali kilipwe kwa namba ya malipo na risiti itunzwe.

Kukubaliana na mafundi

Maonyesho mengi huharibikia hapa, na sababu yake ni aibu ya kuzungumza pesa. Zungumzeni pesa siku ya kwanza. Nani anasafirisha? Kikivunjika analipa nani? Kikiuzwa, fedha inaingia simu ya nani? Ushauri wangu: fundi apokee mwenyewe moja kwa moja, na kama mnakata kitu kwa ajili ya mahema, kisizidi asilimia 10, kiandikwe kwenye karatasi yenye saini mbili. Fundi anayeacha karakana Jumapili nzima alipwe posho hata asipouza. Kama hamna posho ya kumi, alikeni wanne.

Kazi ya kila mmoja iwe chache. Vipande vitatu vizuri vinashinda kabati kumi. Mwambieni alete kimoja kilichokamilika, kimoja kilicho nusu, na zana zake. Kile cha nusu ndicho watu watakachokizunguka, hasa watoto, na fundi akishika tezo au patasi mbele yao maelezo hayahitajiki.

Mchongaji au seremala anayeleta mbao kutoka wilaya nyingine awe na nyaraka za mazao ya misitu. Vizuizi vya barabarani havijali kama gogo linakwenda kwenye maonyesho.

Kila kazi ipate lebo, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka umbali wa hatua mbili: jina la fundi, mtaa wake, aina ya mti, siku alizotumia, bei au "hakiuzwi". Mchora mabango wenu aziandike kwa mkono, zitapendeza kuliko za kuchapisha. Bei iwekwe. Isipowekwa, watu wa kipato cha kawaida wanadhani hapawahusu, na wenye nazo wanaanza kunong'ona na fundi pembeni.

Kupanga eneo

Ukumbi wa shule, ua wa msikiti au wa kanisa, baraza refu la nyumba ya zamani, au uwanja wenye miembe: vyote vinafaa. Mnachohitaji ni kivuli, choo, maji, na lango moja la kuingilia. Kivuli kipimeni saa nane mchana, maana cha asubuhi hudanganya.

Picha na michoro isimamishwe kwenye hadibodi zilizofungwa kwa miti, au itundikwe kwenye kamba iliyovutwa kati ya nguzo. Kitovu cha picha kiwe sentimita 150 kutoka chini. Kwa maonyesho ya watoto wa msingi shusheni hadi 120. Pachikeni kipande cha mti chini ya kila karatasi ili upepo usiipindue, kwani kiangazi cha Tabora kina upepo na vumbi jekundu. Mwagieni uwanja maji asubuhi, na tena baada ya chakula.

Viti na vigoda visiwekwe juu ya meza kama keki ya harusi. Viwekeni chini, watu wakae. Kile kisichokaliwa kiandikwe. Vyungu na vitu vya kuvunjika viwe upande usio na njia, na ngoma iwe mbali navyo kabisa, kwa sababu mduara wa ngoma huwa unapanuka. Mkialika wacheza na nyoka, jambo ambalo Unyamwezini lina historia yake na mashabiki wake, wawe na mduara wa kamba na muda wao maalumu, na tangazo litolewe mapema kwa wenye hofu.

Meza moja iwe ya mazungumzo. Saa moja, watu watatu: fundi, mwenye nyumba ya zamani, na mtu wa mipango miji au msanifu majengo. Swali liwe la hapahapa, kwa mfano: nyumba ya baba yako ina ufa, utaibomoa au utaitengeneza, na kwa fedha kiasi gani? Mshereheshaji awe mkali kwa wenye hotuba.

Fedha

Andikeni kwanza vitu visivyoepukika: Hiace, posho za mafundi, mahema na viti vya kukodi, maji, uchapaji, kiingilio cha Kwihara, spika moja ya kuchaji, mlinzi wa usiku wa kuamkia Jumapili, sanduku la huduma ya kwanza. Jumla yake ongezeni sehemu ya kumi kwa dharura. Kisha angalieni kipi kinaweza kutoka kama mchango wa kitu badala ya fedha: duka la vifaa vya ujenzi litoe hadibodi na rangi, muuza maji atoe katoni, shule itoe viti. Mchango wa kitu hupatikana haraka kuliko fedha, na jina la duka kwenye bango ni malipo tosha.

Matembezi yalipiwe kidogo, ili anayejiandikisha aje kweli. Maonyesho yawe bure. Mhazini mmoja, namba moja ya simu, na hesabu ionekane kwenye kundi kila Jumamosi.

Kutangaza

Bango moja lenye tarehe, saa, mahali pa kukutana na namba ya kujiandikisha. Redio wiki mbili kabla, mkiwa na fundi studioni aongee yeye. Tangazo msikitini na kanisani Ijumaa na Jumapili ya mwisho. Magrupu ya WhatsApp ya mitaa na ya waliosoma shule za Tabora, ambao wametapakaa nchi nzima na wengine watatuma mchango. Inatosha.

Siku yenyewe

Mtu mmoja mbele na mwingine mkiani mwa msafara, wote wenye vizibao vya rangi moja. Wa mkiani ndiye anayehesabu watu kila kituo. Faili la vibali liko kwa wa mbele. Kofia, maji, viatu vya kufunika vidole vitajwe kwenye ujumbe wa jana yake usiku. Mzee akichoka, bodaboda ya kundi iwe tayari. Akitokea mtu wa usalama na maswali, ajibu mmoja tu, msimamizi aliyetajwa kwenye barua. Wengine waendelee kutembea.

Jumapili mafundi wafike saa nne asubuhi, lango lifunguliwe saa saba. Mgeni rasmi, kama mmemwalika, apewe dakika tano na kiti kilichochongwa hapohapo, na ratiba isimngoje akichelewa. Kazi zilizouzwa zibandikwe kipande chekundu lakini zisiondoke hadi saa kumi na mbili, vinginevyo saa tisa uwanja utakuwa mtupu.

Wiki inayofuata

Kazi zisizouzwa zirudi karakana kabla ya Jumatano, kwa gari lenu, na fundi asaini kuwa amepokea zikiwa salama. Wenye nyumba mliowatembelea wapelekewe picha zilizochapishwa, siyo za kutumiwa kwenye simu peke yake. Afisa utamaduni, mhifadhi wa Kwihara na polisi wapate taarifa ya kurasa mbili yenye idadi ya waliohudhuria, fedha iliyoingia na iliyotoka. Taarifa hiyo ndiyo itakayofupisha foleni ya vibali mwakani. Sauti za wazee zilizorekodiwa zihifadhiwe sehemu mbili, na nakala moja ikabidhiwe maktaba ya mkoa. Mhazini afunge daftari, na kilichobaki kinunue hadibodi zenu wenyewe, maana za kuazima hurudi zimetobolewa.